Hajamaliza

Kila mwalimu wa Kenya anajua kukata neno vipande viwili. Anasema, "Mji wetu mkuu ni Nai..." kisha anainua nyusi, na darasa zima linamalizia, "...robi!" Wataalamu wanasema ni mazoea mabaya, ati watoto wanaimba tu bila kufikiri. Huenda ni kweli. Lakini usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mimi mazoea hayo yamenizalisha mara nyingi.

Jina langu ni Adhel, na nina kigugumizi. Si kile cha kwenye vichekesho, cha kurudiarudia herufi mpaka watu wacheke. Changu ni cha kimya. Neno linafika kooni, mlango unafungwa, sauti haitoki, shingo tu ndiyo inakaza. Adui yangu ni neno lisilo na ndugu wa kubadilishana naye: majina ya watu, majina ya mahali. Nikikwama kwenye "haraka" nitasema "upesi", wala hutajua. Lakini Lodwar haina jina lingine.

Darasani nilikuwa na dawa. Neno gumu likikaribia, nilisema sentensi mpaka mlangoni pake, nikanyoosha kiganja mbele, na watoto mia na ushei wa Gredi ya Tano wakanimalizia kwa furaha. Mtu akipita dirishani angesema, yule madam ana darasa changamfu kweli.

Hivyo ndivyo nilivyofundisha muhula mzima wa mazoezi ya ualimu, katika shule moja hapa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nilikokulia. Ilibaki siku moja tu, ya mtahini wa mwisho kutoka chuoni Lodwar. Mtahini wa kwanza alikuwa ameandika kwamba sauti yangu "haina uhakika", akanipa alama za kuninyima usingizi. Huyu wa pili akinikata, narudia mwaka, na wafadhili wetu hawalipii mwaka wa kurudia. Ningerudi kuwa nilivyokuwa kabla ya chuo, mwalimu asiye na cheti, wa kushika darasa mpaka apatikane mwalimu wa kweli.

Chuoni hakuna aliyejua. Niliishi Lodwar miaka miwili kama msichana anayeficha mimba. Siku ya kujitambulisha ukumbini, zamu yangu ilipokaribia, nilikwenda chooni. Hotelini nilitaka chapati na karanga, ile nyama ya kukaangwa, lakini kwa wapishi karanga ni karanga, haina jina la pili, na K yake ilinishinda mbele ya watu wanaongoja. Nikaagiza wali na maharagwe. Miaka miwili ya maharagwe, wenzangu wakadhani ni mambo ya dini. Kwenye mijadala nilikubaliana na kila aliyenitangulia, hata mjinga. Mitihani ya kuandika niliongoza, maana kalamu haina koo. Walimu walinisifu kwa unyamavu na adabu. Hawakujua jinsi ninavyotukana moyoni.

Kujificha nilijifunza mapema. Darasa la tatu, hapa hapa kambini, mwalimu wetu alikuwa na njia moja ya kujua nani anajua kusoma: simama, soma. Nikasimama. Niliyaona maneno yote, nikayajua yote, mdomo ukawa wazi bila kitu. Akasema sijui kusoma, nikarudia darasa. Mwaka uliofuata nikasimama tena, ikawa yale yale. Mama yangu wakati huo hakuwa na Kiswahili, alikuwa na Kidinka na Kiarabu cha Juba tu. Akaenda kwa jirani Mkongomani, akafundishwa sentensi moja, akaibeba mpaka shuleni akiirudia njiani asije akaiangusha.

"Huyu anajua," akamwambia mwalimu. "Mungoje."

Mwalimu alicheka, wala si kwa ubaya. Alimwambia ana watoto mia, akimngoja kila mmoja jua litazama. Mama hakuelewa jibu, alielewa kicheko. Nilivuka darasa lile kwa sababu mwaka huo uliletwa mtihani wa kuandika, nikawa wa kwanza, na yule mwalimu akauliza nilimwibia nani majibu.

Kwa hiyo nilipomwona Nyawech siku yangu ya kwanza, nilimjua. Waarabu wa Pemba hujuana kwa vilemba. Sisi hujuana kwa shingo. Alikuwa msichana mrefu kuliko wenzake, aliyekwisha kurudia darasa, anaketi dirishani. Jina lake likiitwa asubuhi hakuitika, aliinua mkono tu, na mshipa wa shingo ukasimama. Madam Sally, mwenye darasa, mwanamke wa Kiturkana mwenye moyo mwema na haraka nyingi, alinishauri mapema nisijisumbue naye. Ni mtoto mpole, alisema, lakini hakuna kitu inaingia hapo. Insha zake zilikuwa safi, na Sally aliamini ananakili kwa jirani. Mimi nilijua hanakili. Hata hivyo muhula mzima sikumwita kujibu swali hata moja. Mtoto kama huyo humsimamishi mbele ya watu, nilijiambia, na nikaita hiyo huruma.

Bwana Erupe, mtahini, alifika asubuhi juu ya bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Lagga ya Tarach, ule mto wetu unaokauka mpaka mvua ije, ilikuwa imefurika wiki ile na kuharibu kivuko, gari la chuo likabaki ng'ambo. Walisalimiana na Sally kwa Kiturkana, ejok, ejok, wakaulizana habari za watu na mifugo kama kwamba hakuna mtu aliyesimama pale akitokwa na jasho. Kisha akachukua mpango wangu wa somo, akausoma wote. Kiswahili, kusikiliza na kuzungumza, mada mafuriko. Ndiyo, kuzungumza. Mungu ana mzaha wake.

"Madam, hii wiki nimezunguka shule mingi," akasema. "Kila mahali ni watoto wanamalizia mwalimu maneno. Mimi hiyo sitaki. Leo usikate neno hata moja. Uliza mtoto mmoja mmoja, na umwite na jina."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilihisi kama nimeagizwa kuvua nguo. Somo lile nilikuwa nimelipanga majuma mawili, na mahali pa kila neno gumu nilikuwa nimewaweka watoto. Sasa nilikuwa na mwendo wa kutoka ofisini mpaka darasani kulipanga upya, kichwani, huku Bwana Erupe akitembea kando yangu na kunieleza ubaya wa kukariri.

Darasa likasimama, likasalimu, likaketi. Bwana Erupe akaenda nyuma, akakunja magoti kwenye dawati la mtoto, kalamu ikawa tayari. Sally akasimama mlangoni. Joto lilikwisha anza kushuka kutoka kwenye mabati.

Nilianza kwa kuwakumbusha yaliyotokea. Wiki ile maji yalikuja asubuhi, yakabeba kuku, viti vya kanisa na kibanda cha mtu aliyekuwa akitengeneza simu. Kila mtoto alikuwa na lake la kusimulia. Sikusema Tarach. Nilisema lagga yetu, nikasema maji yale, nikazunguka jina lile kama mtu anayekwepa mbwa wa jirani. Kuita watoto kwa majina kulinitisha zaidi, lakini sisi Wadinka tumebarikiwa majina mengi yenye A, na A hunipita vizuri. Langu mwenyewe ndilo A pekee linalokwama, usiniulize kwa nini. Nikamwita Athian. Nikamwita Alier. Nikamwita Anyang. Walijibu vizuri, nikaona kalamu ya nyuma inaandika, nikaanza kudhani nitavuka.

"Unaita wale wale," Bwana Erupe akasema kutoka nyuma. "Huyo wa dirishani hajasema kitu. Muulize."

Darasa zima liligeuka kumtazama Nyawech. Sally mlangoni alinifanyia ishara ya mkono, yule mwache. Lakini mtahini ndiye aliyesema, na alama zilikuwa zake. Nililitamka jina la Nyawech. Lilipita, sijui kwa rehema za nani. Nikamuuliza swali lililofuata kwenye mpango wangu, ambalo nilikuwa nimelikusudia kwa darasa zima. Siku ile hapa kwetu halikuanguka hata tone. Basi maji yalitoka wapi?

Akasimama. Akafungua mdomo.

Mimi najua kilichomo ndani ya kimya kile. Jibu lipo, limevaa viatu, linagonga mlango kwa ndani. Watu wa nje wanaona mdomo tupu. Niliona shingo yake ikikaza, na yangu ikakaza pamoja nayo. Mtoto mmoja akacheka puani. Bwana Erupe akatazama saa yake.

"Mmmm..." Nyawech akasema. "Mmmm... mvua."

"Mvua?" Bwana Erupe akadakia. "Madam amesema hapa haikunyesha. Hukusikiliza. Keti chini. Mwingine."

Mikono kumi ikainuka. Gai, ambaye angejibu hata swali la kaburini, alikuwa amekwisha simama nusu. Nyawech akaanza kukunja magoti kuketi, taratibu, bila kushangaa. Huko kutoshangaa ndiko kulikoniumiza. Alikuwa anaketi na jibu lake mdomoni, na kesho Sally angesema, si nilikuambia.

Nikajua vizuri kabisa nilichokuwa nakaribia kufanya. Mwanafunzi wa ualimu hampingi mtahini, hasa mbele ya watoto, hasa mtahini wa mwisho. Ningeweza kumwita Gai, somo likaenda, nikapita. Cheti changu kilikuwa pale nyuma kwenye ncha ya kalamu ya mtu mmoja.

Lakini nina hasira, nimezaliwa nazo, na hasira ndicho kitu pekee kinachonifungua ulimi.

"Hajamaliza," nikasema. Ilitoka safi, kubwa, mpaka nikajishtukia. "Mwacheni amalize. Hapa mtu akisema, anangojwa mpaka amalize."

Sally alishika mdomo. Bwana Erupe aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake. Gai akaketi. Nyawech alibaki pale katikati ya kusimama na kuketi, akanitazama kuona kama nina akili timamu, kisha akanyooka.

Tulingoja. Kwenye darasa la watoto mia, kungoja ni kitu kizito. Unasikia benchi, unasikia pumzi, unasikia mbuzi wa nje. Mara mbili alianza na kufungwa. Nilimtazama usoni, sikumsaidia, na kutomsaidia ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya muhula ule, maana neno lake nililiona na lilinikaa kwenye ncha ya ulimi wangu mimi.

"Mvua ya... ya mmm... milimani," akasema. "Upande wa Uganda. Mama aliona radi usiku. Akasema tu... tu... tuhamishe magodoro. Jirani walicheka. Asubuhi mmm... maji ikakuja, na sisi magodoro yetu ilikuwa kavu."

Hakuna aliyecheka. Anyang, anayekaa mbele yake, aligeuka na kumtazama kama mgeni aliyehamia jana. Muhula mzima nilikuwa sijasikia sauti ile, na sasa ilikuwa imesema jambo ambalo katika darasa zima hakuna aliyelisema, wala mimi sikuwa nimelitarajia kwa ukamilifu ule.

"Endelea, madam," Bwana Erupe akasema. Sauti yake haikunionyesha kitu. "Funga somo."

Hapo ndipo nilipojikwaa, na nilijikwaa kwa raha. Hasira ilikuwa imenifungua ulimi, nikasahau kujilinda. Nikaanza sentensi kwa furaha, bila kutazama mwisho wake uko wapi. Nilisema Nyawech amesema kweli. Nilisema mvua ikinyesha kule juu milimani, hapa chini jua likiwaka, itakayofurika ni lagga ya...

Mlango ukafungwa.

T. Ile ile niliyoizunguka asubuhi nzima. Lagga ile ina jina moja tu, na kila mtoto mle ndani alilijua tangu anyonye. Nilinyoosha kiganja. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe kama unavyokwenda kila siku, na hata katazo la Bwana Erupe nilikuwa nimelisahau. Nikangoja mlipuko wa sauti mia.

Hakuna aliyesema kitu.

Nilitikisa kiganja. Nikainua nyusi. Gai alikuwa mdomo wazi, neno limejaa shavuni, na Anyang akanyoosha mkono akamziba mdomo kwa kiganja. Nikamsikia akimnong'oneza, "Hajamaliza."

Na hapo nikaelewa nilichokuwa nimejifanyia. Nilitunga sheria, na watoto wakaisikia. Mtu akisema, anangojwa. Walikuwa wameketi wima, mia na ushei, macho kwangu, kwa adabu yote waliyonayo, wakinitendea jambo jema kuliko yote ambayo mtu amewahi kunitendea, na ningewachapa wote.

Kalamu ya nyuma ilikuwa imesimama. Bwana Erupe alikuwa ananitazama shingo. Alikuwa ameona. Miaka miwili ya maharagwe, ya kwenda chooni, ya kukubaliana na wajinga, yote ilikuwa pale mbele yake, na cheti changu kikiwa ndani yake.

Nilikuwa na chaki mkononi. Ningeweza kugeuka, nikaandika jina lile ubaoni kwa mwandiko mzuri, na mambo yangekwisha. Mara ngapi nimefanya hivyo. Nikaanza kweli kugeuza bega. Ndipo nikamwona Nyawech. Hakuna aliyemwambia aketi, kwa hiyo alikuwa bado amesimama, na shingo yake ilikuwa imekaza. Haikuwa kwa ajili yake. Ilikaza kwa ajili yangu.

Nikaiweka chaki mezani.

"T...," nikasema. Ikafungwa. "T... t..." Haikuwa ile ya kimya. Ilikuwa ile ya vichekesho, ile niliyoapa sitaitoa mbele ya watu maisha yangu yote. Kidevu kilitetemeka, jicho moja likafumba lenyewe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. "T... t... t..."

Walingoja.

"Tarach," nikasema.

Darasa lilitoa pumzi. Hakuna aliyepiga makofi, nashukuru Mungu. Anyang alimwachia Gai mdomo. Nyawech akaketi. Nikawaambia wafungue vitabu, nikashangaa kusikia sauti yangu ni ile ile ya kila siku.

Nje, kando ya bodaboda iliyokuwa ikimngoja, Bwana Erupe alifuta miwani muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Aliniuliza imekuwaje niwe chuoni miaka yote ile na wao wasijue. Nikainua mabega.

"Ungeniambia asubuhi," akasema, "ningekuonea huruma."

Nilianza kumjibu, nikakwama, na Sally aliyekuwa kando yangu akafungua mdomo anisaidie. Bwana Erupe akainua kidole kumzuia. Akangoja. Alikuwa na gari ng'ambo ya lagga, na shule nyingine mbele, na akangoja.

"Ndiyo maana s... sikusema," nikamaliza.

Akaitikia kwa kichwa, akatazama pembeni. Kisha akaniambia bila kuzungukazunguka. "Kwa kuongea nimekupa chini. Sitakudanganya, karatasi inasema ufasaha, na ufasaha huna. Lakini hiyo ingine yote imekubeba. Umepita." Alipanda bodaboda, akakaa, kisha akasema kama anayejisemesha mwenyewe, "Mimi nilisikia mvua, nikajua amekosa." Akaondoka na vumbi lake.

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumrushia jiwe, na mpaka leo sijaamua. Alama za chini kwa kuongea, siku niliyosema kitu kwa mara ya kwanza! Sally alilia kidogo, akasema pole madam, mimi sikujua, na sikujua kama anazungumza juu yangu au juu ya Nyawech. Jioni nilimwambia mama kwamba nimepita. Yeye siku hizi Kiswahili chake ni kingi, anauza chai kwa watu wa kila taifa. Hakuuliza alama. Aliuliza, "Walikungoja?"

Nikamwambia walikataa katakata kutoningoja.

Sasa nimebakiza siku chache nirudi Lodwar kuchukua cheti, na darasa limeharibika kabisa. Nyawech hanyamazi. Anainua mkono kwa kila swali, hata lisilo swali, na kila jibu lake linachukua muda wake. Sally analalamika kwamba hatutamaliza silabasi. Kiganja changu kimestaafu. Nikikinyoosha hakuna anayenipa hata herufi. Ninakwama, ninatoka, tunaendelea.

Jana kengele ya mapumziko ililia Nyawech akiwa katikati ya neno, na harufu ya uji imekwisha kufika darasani. Hakuna aliyesimama.